Juu Kumetulia

Mpaka juzi kisa hiki nilikuwa nikikisimulia kwa wasionijua kama cha jirani. Ukisema ni cha jirani, watu hunywa chai yao wakisikiliza na hakuna anayekutazama usoni. Leo nakisimulia kilivyo. Aliyekufa ni kaka yangu, na aliyemuua nililala naye kitanda kimoja miaka tisa.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Mama alikuwa akikaa nasi, na kaka alikuja asubuhi kufungua kinywa. Akala mayai yake, akala ya mume wangu, akaanza kuyatolea macho ya kwangu. Tulimwita Unyoya. Alikula kama watu watatu na chakula chote hakijulikani kilikokwenda.

"Shemeji," alimwambia mume wangu, mdomo umejaa, "leo unipimie vizuri. Mimi nikipeperushwa, nani atamaliza chakula hapa kwako?"

"Wewe hata nikipiga chafya unaondoka," mume wangu akajibu. Mama akacheka mpaka akafuta machozi.

Kazi yetu ilikuwa moja. Kabla ya fainali, kaka aliruka kutoka kwenye ndege kwa parachuti na kutua ndani ya uwanja wa mpira, mbele ya watu elfu thelathini, akiwa na mpira wa mechi kifuani. Mimi nilimtandikia alama katikati ya nyasi, msalaba wa turubai jeupe. Mume wangu alikuwa mkuu wa ardhini. Yeye ndiye aliyepima upepo na kutoa ruhusa kwa redio ya mkononi.

Watu hudhani hatari iko kule angani. Kwa mrukaji wa viwanjani hatari iko kwenye ukingo wa paa. Chini kwenye nyasi majukwaa yanakukinga, unaweza kuwasha kiberiti kisizimike. Juu ya paa upepo unapita na nguvu zake zote, na ukifika ukingoni unapinduka, unamwagikia ndani. Mwavuli wa parachuti ukipita hapo wakati huo unajikunja kama kitambaa kilicholowa. Ndiyo maana sheria yetu ilikuwa fupi: mkuu wa ardhini apande ngazi mia mbili na kumi na mbili hadi juu ya paa, apime kulekule, ndipo ajibu. Kipimo cha nyasi hakihesabiwi. Upepo ukizidi kilomita ishirini na tano kwa saa, mtu haruki.

Siku ile mume wangu hakupanda. Saa tisa na robo mchana alikuwa chini, karibu na mlango wa wachezaji, ana sahani mkononi, anachekeshana na wageni waheshimiwa waliovaa suti. Nilimwona. Nikajiambia kazi yake anaijua.

Ndege ikapita juu yetu. Redio mbili tu pale chini zilikuwa kwenye mawimbi ya kaka: redio ya mume wangu na yangu.

"Shemeji, juu kukoje?"

Mume wangu akainua kipima upepo pale pale kwenye nyasi. Kile cha vikombe vitatu vidogo vinavyozunguka. Vikazunguka kivivu. Hakuangalia hata bendera.

"Juu kumetulia," akasema. "Ruka."

Mimi niliziangalia bendera za paani. Zilikuwa zimenyooka. Nilikuwa na redio mkononi, na kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Sikukibonyeza.

Kaka alianguka kwenye jukwaa la mashariki, ngazi ya kumi na tisa, ambako simenti haijafunikwa na kiti.

Kamati ya uchunguzi ilikaa ndani, mlango umefungwa. Watu wa hali ya hewa walileta kipimo chao: saa tisa na dakika ishirini, kwenye usawa wa paa, kilomita arobaini na saba. Mume wangu akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema ndiyo, na yeye alipanda, akapima, akakuta hivyo hivyo. Akasema alimkataza, na kijana akakaidi. Kisha wakaniita mimi. Wakaniuliza nilisikia nini kwenye redio.

Usiku uliotangulia mume wangu alikuwa amenipigia magoti. Alisema atafungwa, nyumba itabomoka, na kaka hatarudi kwa vyovyote vile. Basi nikawaambia nilimsikia akimkataza.

Matangani watu walinong'ona kwamba kijana alikuwa na kichwa kigumu. Mama aliwasikia. Akainuka katikati ya wanawake, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu alikuwa mlafi. Mkaidi hakuwa." Kisha akakaa. Baada ya hapo alikuwa akinitazama mara kwa mara, kama anayeniuliza niongeze neno. Sikuongeza.

Mambo yalianza na nguo. Siku moja mchana nilikwenda kuanua. Hewa ilikuwa nzito, hakuna jani lililotikisika. Magauni yangu yalikuwa yamening'inia yametulia. Shuka za mama, hali kadhalika. Mashati ya mume wangu yalikuwa yamejaa upepo, mikono imenyooka, yanavutana na kamba. Nikatazama saa. Ilikuwa tisa na dakika ishirini.

Ikawa kila siku. Mume wangu akaanza kuanika mashati yake chumbani, madirisha yamefungwa. Yakajaa humo humo. Alikonda. Alikuwa akipita barabarani anajishika kofia siku ambayo hata vumbi halipandi, na majirani wakimcheka. Nitasema ukweli, kwa kuwa nimeamua kuusema: nilifurahi. Nilikuwa nikipika, nikimwekea chakula mezani, nikimtazama anavyokishindwa, na moyoni nasema bado. Bado kidogo.

Mwaka ulipotimia, wenye uwanja wakataka mruko wa kumbukumbu. Akatafutwa mrukaji mwingine, dada mmoja mpole wa kutoka klabu jirani. Mume wangu hakuweza kukataa. Angesema nini? Safari hii mtangazaji aliiunganisha redio na vipaza sauti vya uwanja, ili watazamaji wasikie mazungumzo ya ardhini na angani. Ingependeza, alisema.

Siku ilikuwa safi. Anga tupu, bendera zimelala kwenye milingoti. Nilitandika turubai langu. Mume wangu alipanda mapema, ngazi zote mia mbili na kumi na mbili, nami nikimhesabia kutoka chini. Akasimama juu ya paa la mashariki, hatua nne kutoka ukingoni, kipima upepo mkononi. Mtu mdogo, mweusi kwenye anga tupu.

Ndege ikasikika.

Vipaza sauti vikakwaruza.

"Shemeji, juu kukoje?"

Haikuwa sauti ya yule dada. Watu wakapiga makofi. Hawakujua. Mimi nikakaa juu ya turubai.

Kule juu mume wangu hakusogea.

"Shemeji." Sauti ilikuwa ya mtu mwenye chakula mdomoni. "Juu kukoje?"

"Ku-kumetulia," mume wangu akasema. Uwanja mzima ukamsikia akimeza mate.

"Ulipanda?"

"Nimepanda. Niko juu. Nimepanda."

"Siku ile."

Makofi yakakatika, kwanza upande mmoja, kisha kote. Watu elfu thelathini wakanyamaza. Kilichobaki ni mlio mwembamba kwenye vipaza sauti. Niliutambua. Ni vikombe vya kipima upepo vinapozunguka kwa kasi sana.

"Ulipanda, shemeji?"

"Sikupanda," mume wangu akasema. Alikuwa analia. "Nilikuwa chini. Nilikwambia uruke. Hukukaidi. Nisamehe, nilikwambia uruke."

Bendera zilikuwa zimelala. Nimeapa mbele ya polisi na naapa tena hapa. Bendera mbili, moja kulia kwake na moja kushoto, zimelala kimya. Katikati yake koti la mume wangu likajaa. Kofia ikaruka. Akainama mbele kama anayesukuma mlango uliokomewa. Viatu vikateleza. Hatua moja. Mbili. Akashika kitu ambacho hakikuwepo. Tatu.

Sikufumba macho. Nilimtazama mpaka mwisho, na sikumwonea huruma.

Walimkuta kwenye jukwaa la mashariki. Ngazi ya kumi na tisa.

Ndege ilitua salama. Yule dada alisema redio yake ilikuwa kimya tangu wapae, ndiyo maana hakuruka. Hakuuliza chochote. Hakusikia chochote. Polisi walinikabidhi vitu vya marehemu kwenye mfuko: saa, redio iliyopasuka, na kipima upepo. Kipima upepo kilikuwa kizima, isipokuwa betri ilikuwa imechomoka na haikuonekana. Kwenye kioo chake ilisomeka arobaini na saba. Haijafutika hadi leo.

Jina la kaka likasafishwa. Watu walikuja kumwomba radhi mama. Mimi walinionea huruma, mjane aliyelala na muuaji bila kujua. Nikaipokea huruma yao. Nilichosema kwenye kamati kilibaki nyuma ya mlango uliofungwa, na mume wangu hayuko tena wa kusema. Nikadhani yamekwisha.

Siku ya arobaini tangu tumzike, nilikuwa jikoni naosha vyombo. Mama akatoka chumbani kwake. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Mkononi alishika kipima upepo, na vikombe vilikuwa vinazunguka mpaka havionekani. Mkono wa pili alishika ile redio iliyopasuka.

"Kuna mtu anakuuliza humu," akaninong'oneza.

"Nani, mama?"

"Unamjua." Akaiweka redio mezani, katikati ya sahani zilizolowa. "Anasema, 'Dada, wewe ulisikia nini?'"

Mimi sikusikia sauti yoyote. Nilisikia vikombe tu. Ningeweza kusema mama amezeeka, anachanganyikiwa. Neno hilo lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini alinitazama vile alivyonitazama matangani, na nikaona kwamba miezi yote ile hakuwa akiniuliza. Alikuwa akinisubiri.

"Nilimsikia akimwambia aruke," nikasema. "Nikawaambia alimkataza."

Vikombe vikasimama. Havikupunguza mwendo. Vilisimama tu.

Mama hakulia, wala hakunipiga. Heri angenipiga. Aliinamisha sikio kwenye redio, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayepokea maagizo ya dukani. Kisha akaichukua, akaikumbatia kifuani.

"Anasema amesikia," akaniambia. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Hiyo ilikuwa juzi. Jana nilifua, nikaanika, zangu na za mama kwenye kamba moja. Mchana nikatoka kuanua. Hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha moshi. Shuka za mama zilikuwa zimening'inia kimya. Magauni yangu yote yalikuwa yamejaa, mikono imenyooka, yote yameelekea upande mmoja, upande wa uwanja.