Visiki vya Ngitili

Limi alikuwa akikamua ng'ombe aliposikia mlio wa msumeno wa injini. Mlio ulitoka upande wa ngitili.

Huko Kishapu kila mfugaji anaijua ngitili. Ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingii, nyasi zinakua, miti inanenepa. Kiangazi kikipamba moto, majani yakiisha kwingine kote, ndipo hufunguliwa. Ngitili ya Limi na mumewe Nkwabi ilikuwa urithi wa baba mkwe. Ndiyo iliyowavusha ng'ombe wao saba kila mwaka.

Limi aliacha ndoo, akakimbia. Alikuta migunga imelala chini. Wanaume walikuwa wakipakia magogo kwenye lori. Ignas, mfanyabiashara wa miti kutoka Geita, alikuwa akiwasimamia.

"Mwangaluka, mama," Ignas alisalimu.

"Mwangaluka ya nini? Nani amekuruhusu?"

"Baba mwenye nyumba. Kule migodini tunahitaji matimba, magogo ya kushikilia kuta za mashimo. Bila hayo watu wanafukiwa."

"Kwa hiyo ili wao wasifukiwe, ng'ombe wangu wafe?"

Ignas alicheka, akapanda lori. Kucheka! Juu ya jasho la watu!

Limi alimkuta Nkwabi uani, amekodolea macho simu mpya ya kupangusa. Ndiyo malipo yenyewe. Mtu mzima, mwenye mvi, ametoa miti ya baba yake akapewa simu!

"Baba Martina, umeuza ngitili bila kuniambia?"

"Nimeuza miti, siyo ardhi. Wiki ijayo trekta linakuja kung'oa visiki. Tutalima pamba."

"Na Septemba ng'ombe watakula nini? Hiyo simu?"

Nkwabi aliitia simu mfukoni.

Limi hakungoja hasira ipoe. Alikwenda moja kwa moja kwa Asteria, afisa misitu wa kata. Asteria alipiga simu kwenye kizuizi cha barabarani. Lori lilikamatwa, maana halikuwa na kibali cha kusafirisha magogo. Kisha akawasha pikipiki, wakaenda pamoja ngitilini. Nkwabi aliitwa.

"Shikamoo, baba," alisema Asteria.

"Marahaba," Nkwabi alijibu kwa sauti ndogo.

Asteria aliinama, akagusa kisiki. "Usilete trekta. Kisiki hiki kiko hai. Mvua ikinyesha kitatoa machipukizi mengi. Acha mawili au matatu yaliyonyooka, mengine punguza. Yatakua haraka kuliko mche mpya, kwa sababu mizizi ipo tayari."

"Na nikitaka kuni?"

"Kata matawi, kwa kiasi. Malisho nayo yagawe vipande. Kimoja kikiliwa, kingine kipumzike. Mvua zikianza, funga yote. Na mti ukiuzwa, kibali kitangulie shoka."

"Mbona hamkutuambia mapema?"

"Tuliwaambia, baba. Mikutano mitatu. Wewe hukuja hata mmoja."

Kiangazi kile kilikuwa kichungu. Nyasi zilikuwa zimesagwa na lori. Maganda ya migunga, ambayo ng'ombe huyapenda, hayakuwepo. Ng'ombe wawili walikufa, mmojawapo yule wa maziwa. Wajukuu wakanywa uji mtupu. Kila asubuhi Limi alimwambia mumewe ukweli huo, bila kuupaka sukari.

Nkwabi alizungushia ngitili ua wa minyaa. Alipunguza machipukizi kwa mkono wake mwenyewe. Mbuzi wa majirani wakisogea, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwafukuza.

Mwaka wa tatu machipukizi yalimzidi kimo. Septemba, wenzao walipohamisha mifugo mbali, ng'ombe wa Limi walipata malisho nyumbani. Maziwa yakarudi.

Mwezi huohuo kijiji kilikutana kutunga sheria ndogo ya kulinda ngitili. Jirani mmoja, Enock, alipinga. "Mti uko kwangu. Kwa nini nizuiwe kuukata?"

Nkwabi alisimama, akavua kofia.

"Mimi nilisema hivyohivyo. Niliuza miti ya baba yangu bila kumuuliza mke wangu. Nikaua ng'ombe wawili, nikawanyima wajukuu maziwa. Andikeni sheria hiyo. Faini ya kwanza nitozeni mimi."

Limi, aliyekaa katikati ya wanawake, alinyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naunga mkono," alisema. "Mtozeni."