Bango la Watu wa Chumvi

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Ijumaa, mtunza ukumbi alifungua ghala la tamasha, akahesabu mabango kama alivyozoea, akapata saba. Akayahesabu tena kuanzia upande wa pili, kana kwamba la nane lilikuwa limejificha likimchezea kibe. Kisha akapiga simu kituoni.

Sajenti alifika saa moja na dakika tano. Mjini walimwita Mama Kwanini, kwa sababu hata ukimsalimia angetaka kujua umemsalimia kwa nini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameandika kwenye madaftari yake jina la kila mtu aliyeingia mahali palipofanyika uhalifu, awe tajiri, awe mwizi wa kuku. Alijivunia hilo kuliko cheo chake.

Mji ule mdogo ulikuwa wa watu waliokuja kwa makundi: waliokuja kuvunja mawe, waliokuja kutandika reli, waliokuja kuchemsha chumvi, na wengineo. Kila jamii ilikuwa na bango lake la kitambaa, refu kama mita tatu na nusu, lenye mti kila upande. Siku ya tamasha, watu wawili wa kila jamii walishika miti hiyo wakazunguka mji, na nyuma yao wenzao wakiimba kwa lugha yao. Tamasha lilikuwa kesho yake, na lililotoweka lilikuwa bango la watu wa chumvi.

Bango lile Sajenti alilijua vizuri mno. Mama yake mzazi alibeba mti wa kushoto kwa miaka thelathini na moja. Mama Mdogo, aliyemfuata mama yake kwa kuzaliwa, alibeba wa kulia. Mama alifariki miezi minne iliyopita. Watu wa chumvi waliobaki mjini, Mama Mdogo alipenda kutania, walikuwa mmoja na nusu. Nusu yenyewe ni Sajenti, aliyelelewa kwa Kiswahili ili asichekwe shuleni.

"Kufuli?" Sajenti aliuliza.

"Zima kabisa, afande," mtunza ukumbi akajibu. "Ufunguo uko kwenye msumari wake, pale nyuma ya mlango wangu."

Miti miwili ilikuwa imesimama mahali pake, mitupu. Kila mmoja ulikuwa na ukanda wa kitambaa uliopigiliwa misumari midogo, na bango lenyewe hushonewa kwenye ukanda huo. Sajenti aliinama akaukagua. Hapakuwa na alama ya mkasi wala kisu. Matundu ya sindano yalikuwa mazima, yamepangana kama kawaida. Nyuzi zilikuwa zimefumuliwa moja moja, na sakafuni hapakuwa na hata kipande kimoja cha uzi.

Akagusa miti. Wa kulia ulikuwa na vumbi la mwaka mzima. Wa kushoto ulikuwa umefutwa na kupakwa mafuta. Akausugua kwa leso, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Jana nani aliingia humu?"

"Mwenyekiti wa kamati, saa nne asubuhi, kuhesabu viti. Saa kumi alasiri mama yako mdogo, kunyoosha mapindo kama kila mwaka. Alirudisha ufunguo saa kumi na moja. Wengine hakuna. Ila yule Fundi Baiskeli nilimwona nje, saa kumi na moja na nusu, anapimapima mlango kwa kamba."

Sajenti aliandika: Mwenyekiti, saa 4. Fundi Baiskeli, saa 11 na nusu, nje. Akafunga daftari.

Saa tatu alikwenda kwa Mama Mdogo kumpa habari. Njia nzima alitafuta maneno, maana kumwambia mfiwa kwamba ameibiwa ni kumtonesha kidonda. Mama Mdogo alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilikuwa kilekile cha utotoni: cherehani ya kukanyaga chini ya dirisha, pasi juu ya tofali, kopo la vifungo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anazungusha uzi wa buluu kwenye kipande cha boksi.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado. Mama Mdogo, bango limeibiwa. Bango letu."

Mikono ilisimama, kisha ikaendelea. "Haya," alisema. "Kuna viazi kwenye sufuria. Kula kwanza."

Sajenti alikula viazi viwili kwa kusimama. Alimwona mama yake mdogo amekonda, akajilaumu. Tangu mazishi alikuwa amefika pale mara tatu tu. Akaahidi kwamba kufikia jioni angekuwa amemkamata mwizi, naye Mama Mdogo akamwambia asisahau kofia yake mezani.

Mwenyekiti alimsubiri kituoni, jasho linamtoka saa tano asubuhi. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyomharibia mambo mengi.

"Afande, mji mzima unasema ni wale wageni wa juzi. Na lisemwalo lipo."

Wageni wa juzi walikuwa wamekaa mjini miaka mitatu. Walikuwa wameomba kutembea na bango lao kwenye tamasha, la tisa.

"Mliwajibu nini?" Sajenti aliuliza.

"Kwamba nafasi ni nane. Tuliwaambia likipungua moja, tutawaita."

"Na sasa limepungua moja."

"Ndiyo maana yake! Nikifika saa kumi na moja jioni sina jibu, kamati inawafuta kabisa, mwaka huu na miaka ijayo. Na sitaweza kuwazuia vijana wa sokoni."

Vijana wa sokoni hawakungoja saa kumi na moja. Saa sita walikipindua kibanda cha Fundi Baiskeli, mmoja wa wageni hao, wakatawanya spoku na minyororo barabarani. Sajenti alimchukua Fundi na kumweka mahabusu, nusu kwa kumshuku, nusu kwa kumwokoa.

Fomu ya maelezo ilikuwa na mistari miwili ambayo mara nyingi hakuijaza: Lugha, na Mkalimani. Fundi alijua Kiswahili cha bei na cha pancha tu.

"Una haki ya kutoa maelezo kwa lugha yako," Sajenti alimwambia, kama sheria inavyotaka. Akatoka hadi getini, ambako jamaa za Fundi walikuwa wamesimama kimya. "Nani ataweza kuwa mkalimani wake?"

Walijitokeza kumi na mmoja. Akamchagua mkewe.

"Jana saa kumi na moja na nusu ulikuwa ukumbini. Kwa nini?"

Fundi alisema maneno mengi, mkewe akayafupisha. "Alipima mlango. Bango letu tumeshalishona. Alitaka kujua kama likiitwa, litapita."

"Mlishona kabla ya kuitwa?"

"Anasema, ukialikwa ghafla hutaki kukutwa uchi."

Sajenti aliitoa leso mfukoni, akaiweka mezani. "Mti mmoja ulipakwa mafuta. Wewe kazi yako ni mafuta."

Fundi aliitazama leso, halafu akanyoosha viganja vyake. Mistari yote ilikuwa myeusi, hata kucha. Akaomba kwa ishara, akaigusa leso kwa ncha ya kidole kimoja. Doa jeusi likabaki pale, kando ya doa la kwanza. La kwanza lilikuwa halina rangi; ulilijua tu kwa sababu kitambaa pale kilipitisha mwanga.

"Anasema," mkewe alieleza, "mafuta yake yangeuchafua mti. Haya ni ya mashine ndogo. Ya cherehani."

Sajenti alifungua daftari akasoma orodha ya asubuhi: Mwenyekiti, saa 4. Fundi Baiskeli, saa 11 na nusu. Mstari wa katikati, wa saa 10, haukuwepo. Aliambiwa, akasikia, mkono wake haukuandika. Kikulacho ki nguoni mwako, naye tangu asubuhi alikuwa akipekua nguo za jirani.

 Akakumbuka nyuzi. Nani katika mji huu akifumua nguo haangushi uzi chini? Alipokuwa na miaka sita alikuwa akichapwa kidogo mkononi na Mama Mdogo kwa kutupa uzi: uzi uliofumuliwa huzungushwa kwenye boksi, utashona tena. Na mwizi gani atasimama gizani kwenye ghala, aupanguse mti wa marehemu vumbi, aupake mafuta, auache wa kwake mchafu? Tena yeye mwenyewe, mpelelezi mzima, alitoa habari ya wizi na hakuulizwa, "Nani ameiba?" Akala viazi.

Saa kumi alasiri alirudi kwenye chumba kile pamoja na Mwenyekiti na mtunza ukumbi. Mtunza ukumbi alisimama mlangoni, kofia mkononi, anatazama chini.

"Mama Mdogo," alisema Sajenti, "jana saa kumi uliingia ghalani. Ulikaa saa nzima. Mapindo ya mabango saba hayajaguswa, nimetoka kuyaangalia. Uzi uliokuwa ukizungusha asubuhi ni wa buluu, na bango lilishonwa kwa uzi wa buluu. Nimemweka mtu ndani kwa ajili ya mafuta ya cherehani hii."

Mama Mdogo alishtuka. "Mtu gani ndani?"

"Fundi Baiskeli. Kibanda chake wamekivunja."

"Mbona hukuniambia!" Alisimama, akatafuta viatu vyake kwa miguu. "Ningekwambia asubuhi ileile. Nilidhani mtasema limepotea, basi, yaishe. Mtu hana kosa lolote! Twende mkamtoe."

"Liko wapi, dada?" Mwenyekiti aliuliza kwa upole.

Mama Mdogo alifungua sanduku la chini ya kitanda. Bango lilikuwa limekunjwa vizuri, jeupe, lakini halikuwa bango tena. Lilikuwa limekatwa katikati na kuunganishwa kwa urefu, mapindo yamepigwa upya, maneno ya buluu yamekaa mahali pa kifua. Mtunza ukumbi ndiye aliyelitambua kwanza. "Hii ni sanda," alisema.

"Ni yangu," alisema Mama Mdogo. "Mmeniandikia barua, Mwenyekiti. Mkasema mwaka huu mti wa dada yangu utabebwa na mtu wa kujitolea, halafu baada ya tamasha bango litiwe kwenye kabati la kioo, liwe kumbukumbu ya jamii iliyokuwepo. Niliisoma nikiwa nimekaa hapa, nakunywa chai. Iliyokuwepo!"

"Dada, tulikusudia kuwaenzi."

"Najua. Ndiyo maana sikuja kugombana." Alilaza kiganja juu ya kitambaa. "Bango ni la watu wawili. Ukilishika peke yako linakuwa tambara, linaburuta. Sanda inamtosha mmoja."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" Sajenti aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeacha upolisi.

"Nilikwambia. Siku ya arobaini ya mama yako nilikuuliza, mwaka huu utashika mti wa kushoto? Ukasema una zamu."

Alikuwa amesema hivyo. Kila tamasha alikuwa na zamu, aliiomba mwenyewe. Tangu alipokuwa msichana aliona haya kutembea nyuma ya bango la watu wawili, wakiimba wimbo ambao hakuna aliyeuitikia. Akiwa na sare yake, kandokando ya barabara, alikuwa amewatazama wakipita mara ishirini na sita, akiwazuia watu wasiwasukume.

Mwenyekiti alikohoa. "Afande, haya tuyaache humu humu. Tutasema limepatikana limechanika."

"Na Fundi Baiskeli?" Sajenti alisema. "Mji utasema tumemwachia tu. Jina lake halitatakata bila maelezo yaliyosainiwa. Wewe mwenyewe umesema, lisemwalo lipo."

"Andika," alisema Mama Mdogo. "Mtu asilale na jina langu mgongoni mwake."

Kituoni, Fundi alitolewa mahabusu. Mama Mdogo alimwomba radhi akiwa amesimama, mikono ameishika mbele. Mkewe Fundi alieleza yote kwa lugha yao, bango, dada, sanda. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akasema neno fupi.

"Anasema, pole kwa kufiwa," alisema mkewe.

Mama Mdogo akalia. Hakuwa amelia mazishini. Wageni wale walimsubiri kidogo getini, labda wakidhani atahitaji mtu wa kumrudisha nyumbani, kisha wakaondoka kwenda kuokota spoku zao. Mwenyekiti aliwafuata mbio kuwaambia kesho nafasi ipo. Waliitikia kwa adabu, lakini hawakusema kama watakuja.

Saa kumi na moja na dakika ishirini Sajenti alivuta fomu mpya. Aliandika jina, umri, kazi: fundi cherehani. Akaeleza haki, kwa sababu hakuna aliyewahi kusimama mbele yake asielezwe.

"Una haki ya kutoa maelezo kwa lugha yako."

Mama Mdogo alifuta uso kwa upande wa kanga. "Kweli?"

"Kweli, Mama Mdogo."

"Basi uliza."

Sajenti aliuliza swali lake la miaka yote. "Kwa nini?"

Mama Mdogo alijibu kwa lugha ya watu wa chumvi. Aliongea dakika kumi, taratibu, bila kusita, mara nyingine akitabasamu, mara moja akiimba kidogo. Sajenti alishika kalamu. Alitambua neno la kuitwa mezani, na neno la kuhimizwa kulala. Alitambua pia jina ambalo mama yake alimwita alipokuwa na homa, na jina hilo lilitajwa mara nne. Mengine yote yalimpita.

Mama Mdogo alipomaliza, alikunja mikono mapajani akangoja.

Sajenti alitazama fomu. Mbele ya neno Lugha aliandika: ya watu wa chumvi. Mstari wa chini yake ulisema Mkalimani. Aliinuka akaenda hadi dirishani, akatazama getini, ambako hapakuwa tena na mtu, akarudi akakaa.

"Umesema nini, Mama Mdogo?"

"Nimekujibu, mwanangu. Andika."