Yuko Maun kwa Dada Yake

Asubuhi ile palikuwa na utulivu mzuri uani kwa Mzee Mothibedi. Mkewe, Mama Oteng, alikuwa ameketi mkekani akiimba, beseni mbele yake, maji ameyapima kwa kiwiko kama alivyofanya miaka yote. Mzee alimtazama akatabasamu, akasogea na kikombe chake cha chai. Ndipo akaona kwamba mkewe anaogesha tikiti maji.

"Mtoto wa nani huyo?" akauliza.

"Wa jirani. Kaja na kilio huyu! Hebu lete kitambaa, usisimame tu." Kisha akamkazia macho. "Kwani wewe ni nani?"

Ndugu zangu, mikono ile ilikuwa imepokea watoto wa kijiji chetu kwa miaka thelathini. Hata mimi ninayesimulia nilipokelewa nayo. Ndivyo ugonjwa wa kusahau ulivyomwingia, na nesi wa zahanati alimwambia mzee waziwazi, "Usiubebe peke yako. Waambie majirani, waambie na watoto." Mzee akashukuru, akapitia dukani, akanunua kufuli.

Msimcheke. Kwetu, bibi kizee akionekana anaongea peke yake, jina baya humfikia kabla ya daktari. Mzee alimpenda mkewe, akaona bora amfiche. Kwa miezi saba kila aliyeuliza alijibiwa kwamba Mama Oteng yuko Maun, mji wa mbali, anamuuguza dada yake. Hata Oteng, binti yao aliyekuwa kazini Gaborone, aliambiwa mama hajambo.

"Baba Oteng!" Mama Sethunya, jirani, alimtania juu ya ua. "Huyo dada haponi tu? Au mwenzetu kapata bwana huko Maun?"

"Nyie wanawake mkipata safari, nani atawarudisha?" mzee akajibu, akacheka. Akaingia ndani kufua mashuka yaliyolowa, na huko akalia.

Wiki hiyohiyo Sethunya, binti wa jirani huyo, alijifungua. Mama yake akalaza gogo mlangoni kama ilivyo desturi yetu, asiingie mtu mpaka mtoto apate nguvu. Hata baba wa mtoto alikuwa anasubiri kwao. Anayelivuka gogo lile hahesabiwi kuwa na nia njema.

Kilio cha kichanga kilikuwa kinavuka ua mchana kutwa. Mama Oteng alikuwa akikisikia anasimama, anakunja mikono ya gauni. Mzee aliliona hilo. Aliona pia kwamba waya wa dirisha umelegea. Lakini siku hiyo chifu alikuwa ameita wanaume barazani kwa habari ya kisima, akajiambia ataukaza akirudi. Akamlisha mkewe uji wa mtama, akafunga kufuli, akaondoka.

Mama Sethunya alikuwa amekwenda nyuma ya nyumba kuchukua kuni. Aliporudi, binti yake amelala fofofo, na katikati ya chumba kile kilichokatazwa amesimama mtu peku, nywele timutimu, gauni kalivaa nje ndani, kamshika mtoto. Ni mwanamke ambaye kijiji kizima kilijua yuko Maun.

"Mchawi!" akapiga yowe, akaukamata mchi.

Yowe lilifika barazani. Wengine waliulizana kuna nini, mzee hakuuliza. Alikimbia na miguu yake mibovu mpaka akafika kwa jirani, akawakuta wanawake wamejaa uani na mawe mikononi. Mkewe alikuwa ameanguka ubavu, anagumia kwa maumivu, lakini mtoto bado kamkumbatia kifuani, mzima kabisa.

"Ulisema yuko Maun!" Mama Sethunya akamgeukia mzee. "Kaja na nini? Kapaa?"

Mzee alitaka kusema amerudi na basi la asubuhi. Aliyaona yale mawe, uongo ukamkwama.

"Hakwenda Maun," akasema. "Yuko ndani miezi saba. Anaumwa kusahau. Hata mimi hanijui. Nilimfungia."

Mawe yakashushwa, moja moja. Mama Sethunya akautazama mchi, akaitazama mikono iliyomshika mjukuu wake, mikono ileile iliyompokea Sethunya mwenyewe. Akakaa chini mavumbini.

"Ungeniambia, baba," akasema. "Ningekuja kukaa naye. Kila siku ningekuja."

Na alikuja kweli. Nyonga ilikuwa imevunjika kwa mchi ule, Mama Oteng hakusimama tena. Kila asubuhi Mama Sethunya alimwogesha, na kila asubuhi aliulizwa swali moja, "Mtoto kaoga?"

"Kaoga, mama. Kalala."

Gogo lilipoondolewa mlangoni na mtoto akatolewa nje kuonyeshwa watu, Mama Oteng alikuwa ameshazikwa.

Funzo

Ugonjwa wa kusahau si uchawi wala aibu ya nyumba. Unayemuuguza mwenzio, sema. Mzee wetu alidhani anamkinga mkewe na majirani, kumbe aliwanyima majirani nafasi ya kujua hali yake. Nasi tuliobaki tusijisafishe: kama tusingekuwa wepesi wa kuita watu wachawi, asingenunua lile kufuli.