Ubavu wa Marquel

"Kocha katoroka. Wachezaji wote wako mezani na bata mzinga wao, yeye hayupo. Mtafute."

Bosi wake akakata simu.

Odessa Pruitt hakuuliza swali. Alikanyaga mafuta, pikapu yake, Ford F-150, ikanguruma kwenye vumbi jekundu la Alabama. Alikuwa kachero wa siri wa Chuo Kikuu cha Tallis, na kazi yake ilikuwa moja tu: siri za timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo zisifike kwa mahasimu.

Leo ilikuwa Sikukuu ya Shukrani. Jumamosi walikuwa wanacheza na mahasimu wao wakubwa, chuo cha Bellmont. Na kocha mkuu, Royce Haddix, aliwaaga vijana wake kwamba anafuata pai jikoni.

Pai! Mshenzi mkubwa.

Haddix alikuwa mjanja. Alizima simu, akaazima gari la shemeji yake. Lakini akakubali kufuatwa na ndege ya tajiri wa Bellmont, na hapo ndipo alipochemsha. Katika jimbo hili washabiki hushinda mtandaoni wakifuatilia ndege za matajiri wa mpira. Mzee mmoja wa Tallis alishabandika: "Ndege ya Bellmont inashuka kiwanja cha ndege cha Cutler. Inafuata nini sikukuu yote hii?"

Odessa alijua inafuata nini: Haddix, pamoja na siri za Tallis.

Cutler. Kipande cha lami katikati ya mashamba ya pamba. Ndege ndogo ya Cessna imesimama, injini zinanguruma. Haddix anaikaribia, mkono mmoja mfukoni umekamata kitu.

Odessa alikatiza njia ya ndege, breki zikalia. Akaruka nje na bastola yake ya Glock mkononi.

"Simama hapo hapo, Kocha!"

Mtu wa Bellmont aliyekuwa mlangoni alipeleka mkono ndani ya koti. Odessa akapiga risasi moja, ikachana ngazi karibu na kiatu chake. Jamaa akarudi ndani na kufunga mlango.

"Lete hiyo flashi uliyoishika mfukoni."

"Odessa, dada yangu, tuongee kama watu wazima."

"Dada yako yuko kwenu. Lete!"

Haddix akaitoa. Odessa aliichomeka kwenye simu. Mipango yote ya mchezo ilikuwamo. Chini yake, jina la mrushaji mkuu wa mpira wa Tallis, kijana wa miaka kumi na tisa: *Marquel Tibbs. Ubavu wa kushoto una ufa. Mpigeni hapo.*

Odessa akamgeuzia Haddix skrini.

"Si ulipokwenda kumsajili ulikaa sebuleni kwa mama yake, ukala chakula chake, ukamwapia utamlea kama mwanao?"

"Nimewaapia akina mama wengi. Ndiyo kazi yenyewe. Kwani unadhani kuna kocha anayependa chuo? Mngenipenda mpaka lini? Nikifungwa mechi tatu tu, mnanifukuza."

"Mimi nilikuamini, Royce. Baa nzima ilikutukana, nikakutetea."

"Basi ni ujinga wako."

Odessa akamfunga pingu kwenye nguzo ya uzio, akampigia mkurugenzi wa michezo, Hollis Vance. Akawasha spika ya simu, Haddix asikie.

"Nimempata, bosi. Flashi ninayo."

"Safi. Mrudishe kimya kimya. Jumamosi ataongoza timu."

"Bosi! Kamuuza Marquel!"

"Najua hafai. Jumatatu namtimua. Nimeshamalizana na kocha mwingine."

"Nani?"

"Yule wa chuo cha Carrow. Mtu mwaminifu sana."

"Na wa Carrow Jumamosi atakuwa wapi?"

"Na timu yake. Asubuhi kawaambia vijana wake haendi popote."

Haddix aliangua kicheko mpaka akapaliwa.

Odessa akaisogeza simu mdomoni.

"Sikiliza. Marquel hachezi Jumamosi na ubavu wenye ufa. Akikanyaga nyasi tu, flashi hii inakwenda kwenye kila televisheni ya Alabama, na jina lako nitalitaja, kwamba ulijua ukamficha."

"Unanitisha mimi? Wewe si mtu wetu?"

"Mimi ni mtu wa Marquel."



"Haya. Hachezi."

Akakata simu. Akaitia flashi mfukoni, akaingia garini.

"Odessa! Unaniacha hapa?"

"Msubiri Vance aje kukuchukua. Mtaelewana sana nyie wawili."

Akawasha gari, akaenda zake kwa mama yake Marquel kumweleza ukweli wote.