Suruali Juu ya Kisitiri

Jumapili soko la vitu vya kale la Saint-Ouen hujaa hadi mabega yakagusana. Sidonie, fundi cherehani, alijipenyeza humo na koti lake jekundu kama pilipili iliyoiva, akitafuta kisitiri, wateja wake wapate pa kujibanza wakijaribu nguo. Ghafla akasimama.

Kilikuwa cha zamani, cha kukunja. Vipande vinne vya mahogani, vyekundu kama chai ya rangi, vimeshikanishwa kwa bawaba. Kingoni kulikuwa na mapambo ya shaba iliyochovywa dhahabu: majani, mashada, na kichwa cha kondoo dume kilichomkodolea macho.

"Usikinyooshe!"

Akageuka. Kijana mrefu, nywele timutimu, aproni ya ngozi inanukia nta.

"Nani kasema nakinyoosha?"

"Mikono yako imeshasema. Haya bibiye, kitendawili: ukininyoosha naanguka, ukinikunja nasimama."

Sidonie akafikiri. "Babu yangu akishalewa."

Kijana alicheka mpaka akashika meza. "Hapana, ni hiki hapa! Umeshindwa, ninunulie kahawa."

"Na nikikinunua?"

"Basi kahawa nanunua mimi."

Sidonie akakinunua. Jina la kijana ni Corentin, fundi wa samani za kale. Kahawa ikazaa chakula cha jioni, chakula kikazaa matembezi kando ya mto Seine, na kabla majani ya miti hayajapukutika, mapenzi yalikuwa yameshakolea. Sharti la Corentin lilikuwa moja tu.

"Laazizi, usitundike kitu juu ya shaba. Dhahabu ile ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ikichubuka, imekwenda."

"Sawa, mume wa kisitiri."

"Cheka tu, mimi sitanii."

Alhamisi moja Sidonie alikuwa amepiga magoti sakafuni dukani kwake akipunguza pindo, pini mdomoni, aliposikia kengele ya mlango. Akainua macho. Corentin alikuwa amesimama na shada la maua, kakikodolea macho kisitiri. Kwenye pembe ya yule kondoo wa shaba ilining'inia suruali ya mwanamume. Corentin akawa mwekundu, akageuka na maua yake, akatoka.

"Maskini mimi, shaba yake!" Sidonie akashika kichwa.

"Mwanangu," ikalalamika sauti nyuma ya kisitiri, "funga mlango, miguu yangu inaganda!" Alikuwa Mzee Anselme, aliyekuwa akishonewa suti ya sherehe yake ya miaka hamsini ya ndoa.

Jioni Sidonie akapiga simu.

"Corentin, nisamehe. Najua umeiona ile suruali."

"Nimeiona."

"Nilipitiwa. Ni mara moja tu, naapa."

"Mara moja! Unasema bila haya?"

"Lakini hakuna kilichoharibika! Nimekagua kwa taa."

"Kwa taa?"

"Mtu mzima unanuna kwa jambo dogo hivi?"

"Dogo!" Simu ikakatika.

Kumbe anapenda shaba kuliko mimi, Sidonie akawaza. Hakupiga tena. Corentin naye kimya. Siku zikapita, mkate ukawa hauna ladha, sindano zikamchoma vidole. Asubuhi moja, kwa hasira, akakivuta kisitiri akinyooshe ukutani asikione usoni. Kikaanguka kwa kishindo. Jani moja la shaba likabanduka, likabingirika hadi miguuni pake.

Sidonie akakaa chini. *Ukininyoosha naanguka.* Basi ndivyo walivyokuwa wao wawili, wamenyooka kama fito, na wote wako chini.

Mzee Anselme, aliyekuja kuchukua suti yake na kuijaribu chumba cha ndani, akatoka ameivaa, akamkuta analia. "Nyanyuka, mwanangu. Twende kwa huyo fundi wako."

Karakana ya Corentin ilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya uwanja wa Bastille. Corentin aliinua uso, macho mekundu kama ya asiyelala.

"Nimekuletea jani lako," Sidonie akasema. "Nilikinyoosha kikaanguka. Na kuhusu ile suruali…"

"Sitaki kujua ni ya nani!"

"Ya nani? Kwani hukuudhikia shaba?"

"Shaba gani! Mwanamume hana suruali, yuko nyuma ya kisitiri na mchumba wangu, mimi nifikirie shaba?"

Mzee Anselme akakohoa. "Mwanamume mwenyewe ndiye mimi. Suruali yenyewe ndiyo hii." Akageuka ionekane vizuri. "Asante, kijana. Mke wangu akisikia bado naonewa wivu, atatamba mtaa mzima mpaka Krismasi."

Corentin akafunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kutikisika, na Sidonie akajua ni kicheko. Wakacheka wote watatu mpaka machozi.

Kisha Corentin akapiga goti kwenye vumbi la mbao.

"Unafanya nini?"

"Najikunja, nipate kusimama. Sidonie, nikuoe?"

"Umesema mchumba kabla hujaniuliza, mjanja wewe." Akamshika mashavu. "Nakubali. Lakini suruali hiyo imejaa vumbi, ije dukani niipige pasi."

"Ila jamani," akasema Mzee Anselme mlangoni, "isitundikwe juu ya shaba!"