Alama ya Chaki

Kila Jumamosi, kabla wageni hawajafika bwawani kuvua samaki na kupiga makasia, Chiriku alikuwa na kazi yake. Alifunga kifuko cha mchanga kwenye kila jaketi la kuelea, akalitumbukiza majini kando ya gati, akangoja. Likielea, alilipiga alama ya chaki mgongoni. Likizama, lilitupwa. Mama yake, aliyekodisha boti, hakumvalisha mtu jaketi lisilo na chaki.

Jina la Chiriku alilipata kwa sababu ya mdomo wake, ambao haukujua likizo. Jumamosi moja alitamani kwenda kuvua. Rafiki yake alikwisha kutupa ndoana na alikuwa akimwita, "Njoo basi, leo wanakula kweli!" Chiriku akatazama rundo la majaketi, akatazama maji, akashika chaki. Kufumba na kufumbua yote yalikuwa na alama, na hakuna hata moja lililolowa.

Samaki walikula kweli. Lakini alipoinua macho, alimwona baba mmoja akipiga makasia kuelekea katikati ya bwawa. Mbele yake aliketi mtoto mdogo, amevaa jaketi la njano. Chiriku akakumbuka chaki yake. Akaiacha ndoana, akatoka mbio.

"Mama, waite warudi! Sikuyapima!"

"Hukupima yapi?"

"Yote. Nilipiga chaki tu."

Mama alipuliza filimbi mpaka boti ikageuka. Watu wote gatini walikodoa macho, na Chiriku alitamani ardhi immeze. Mama alimvua mtoto jaketi, akalifunga mchanga, akalitumbukiza. Likaelea vizuri kabisa.

"Umejiaibisha bure," rafiki yake akamnong'oneza.

Mama alimsikia. "Si bure. Limeelea, lakini hakuna kati yetu aliyejua kama lingeelea."

Chiriku akapewa kitambaa kibichi. Alifuta alama zote, akaanza upya, jaketi baada ya jaketi, huku wageni wakingoja juani. Baba wa yule mtoto akaja, akachuchumaa karibu naye, akakodolea macho kila jaketi lililoingia majini. Chiriku akaona haya.

"Mama, mbona ananichunga hivi?"

"Mwache aangalie, mwanangu. Asubuhi alitosheka na chaki yako. Kusema kweli mbele ya watu kumemrudisha mtoto wake salama, na kwa hilo nakushukuru. Imani yake utairudisha kwa kazi, na haitarudi leo."

Chiriku akafunga kifuko kwenye jaketi lililofuata.