Kimo cha Tangi

Nyumbani kwetu siku haikuanza kwa chai. Ilianza kwa baba kulizunguka tela lake, akigonga kila tairi kwa rungu dogo na kusikiliza mlio wake, huku mama akimwambia kupitia dirishani, "Hilo tela lingekuwa mke, ungelipikia." Baba alicheka, akaendelea kugonga. Tela lenyewe lilikuwa refu na la chini, lenye matairi thelathini na mawili, na kazi yake ilikuwa kubeba vitu ambavyo malori mengine yasingethubutu kubeba: matangi, mashine za viwandani, matingatinga ya kutengenezea barabara. Kwa kuwa lilikwenda taratibu kuliko baiskeli, mtaa mzima ulimwita baba Konokono. Hakuchukia. Alisema hajawahi kusikia konokono amegonga mtu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na pale uwanjani walikopakia mizigo waliniita Karani. Jina hilo nililipata kwa sababu ya vibali. Mzigo unaozidi upana, urefu, kimo au uzito uliowekwa na sheria hauingii barabara kuu bila kibali. Ofisi ya vibali hutaka kujua kila kipimo, kisha huamua mzigo upite njia gani, saa ngapi, kwa mwendo gani, na ni gari lipi litangulie mbele yake. Baba aliacha shule akiwa darasa la nne. Namba na alama za barabarani alizisoma vizuri kabisa, lakini fomu ya kurasa sita ilimtoa jasho. Basi mimi nilipima na kujaza, yeye akatia sahihi. Nilivimba kichwa kwa jambo hilo, sifichi.

Wa tatu katika kazi yetu alikuwa shangazi, dada yake baba, aliyeendesha pikapu ya kutangulia. Mbele ya pikapu hiyo ulisimama mti mrefu wa kupimia, na kwenye ncha yake ilifungwa kengele ndogo ya shaba. Shangazi aliuweka mti ule sentimita kumi juu ya kimo kilichoandikwa kwenye kibali. Kengele ikipita chini ya daraja au waya bila kulia, tela nalo litapita. Ikilia, shangazi alitoa bendera nyekundu na baba alisimama. Baba hakuwa anatazama juu hata kidogo. Alitazama mkono wa dada yake.

Mambo yaliharibika siku ya tangi la nne. Kiwanda kimoja kilikuwa kinahamisha matangi yake makubwa ya maji, na matatu ya kwanza tulikuwa tumeshayapeleka salama. Yote matatu niliyapima mwenyewe, na yote yalitoka sawa: mita nne na sentimita themanini, kutoka ardhini hadi mgongoni. Alasiri ile nilikuta tangi la nne limeshapakiwa, limefunikwa turubai hadi chini. Mvua ilikuwa inanyesha, na shuleni darasa letu lilikuwa linachagua timu ya netiboli ndani ya ukumbi. Nilikuwa nimemwomba mwalimu ruhusa ya nusu saa tu.

"Karani, panda upime," baba aliniambia akiwa ameinama kwenye injini. "Usiandike la jana."

"Sawa, baba."

Shangazi alikuwa chini ya pikapu akirekebisha breki, kwa hiyo aliniambia nifunge jiwe kwenye ncha ya utepe wa kupimia ili ushuke wenyewe. Nikafunga. Nikapanda vidato viwili vya ngazi, mguu ukateleza, maji yakaniingia shingoni. Nikashuka. Nikasimama pale nikiwaza netiboli, kisha nikajiambia, tangi ni lile lile, kiwanda ni kile kile, nitapata namba gani mpya huko juu? Nikaingia ofisini, nikafungua jalada, nikanakili kimo cha tangi la tatu.

"Umemaliza?" shangazi aliuliza kutoka chini ya gari.

"Nimemaliza, shangazi."

"Ngapi?"

"Nne themanini."

"Kama kawaida," akasema, na mimi nikakimbilia shuleni. Nilichaguliwa kwenye timu. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Kesho yake nilifuatana na baba kwenye ofisi ya vibali. Mama wa vibali, aliyevaa miwani yenye kamba, alisoma fomu mstari kwa mstari. Kisha akanitazama mimi, si baba, maana alijua nani mwandishi.

"Umepima mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Nakuuliza kwa sababu mimi mzigo wenu siuoni. Naona karatasi yenu tu."

Akagonga muhuri. Kwa kimo kile alitupa njia fupi, inayopita chini ya daraja la waenda kwa miguu lenye nafasi ya mita tano kamili. Kibali kilisema safari ianze jua likichomoza na mwendo usizidi kilomita ishirini kwa saa.

Baada ya siku tatu, tela liliondoka alfajiri nikiwa bado nanawa uso. Saa moja nilipita uwanjani nikielekea shule. Fundi wa kuchomelea vyuma, tuliyemwita Cheche, alikuwa anafagia mahali tangi lilipokuwa.

"Karani, leo hukuja kuaga?" akanitania. "Limetutoa roho lile tangi. Lina bomba chini ya tumbo, ikabidi tulikalishe juu ya magogo mawili yaliyopandana badala ya moja. Lilikaa juu kama bibi harusi."

Gogo moja lilikuwa na unene wa sentimita thelathini. Sikuhitaji karatasi kupiga hesabu hiyo: mita tano na sentimita kumi. Daraja lilikuwa na mita tano. Na mti wa shangazi ulikuwa umewekwa kwenye nne na tisini, kwa namba niliyompa mimi. Kengele ingepita kimya, shangazi angempungia baba mkono, na baba angekuja.

"Cheche, naomba simu yako. Naomba sana."

Simu ya baba ilikuwa imezimwa, kama kila siku akiwa barabarani. Ya shangazi iliita hadi ikakatika. Niliipiga mara sita. Nilijua haina maana, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba anayetangulia mzigo hagusi simu. Nilimrudishia simu yake nikakimbia.

Ofisi ya vibali ilikuwa imefungwa. Hufunguliwa saa mbili. Nilikaa kwenye ngazi nikiutazama mlango, na dakika zile sitaki kuzikumbuka, ingawa huja zenyewe. Niliona akilini tela linafika mizani, linapimwa uzito na kuruhusiwa, kwa sababu uzito ulikuwa halali na mizani haijui kimo. Niliwaona watoto wa shule iliyo karibu na daraja wakivuka juu yake kwa makundi. Nilijaribu kuomba, maneno yakanikimbia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kisha nikaona hata hilo lisingemsaidia baba.

Mama wa vibali alipotokea nilimshika mkono kabla hajatoa funguo.

"Shikamoo mama. Nilidanganya. Sikupima. Tangi lina mita tano na sentimita kumi."

Hakuniambia marahaba. Alifungua mlango, akaenda moja kwa moja kwenye simu. Askari wa barabarani wa zamu ya karibu na daraja hakupokea. Akapiga kituoni. Kituoni wakasema watamtafuta askari huyo kwa redio, asubiri.

"Waliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Akatazama saa ya ukutani, akakaa. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa, kwa sababu nilimwona mtu mzima, mwenye ofisi na mihuri, akiwa hana la kufanya kama mimi.

"Watakuwa wameshafika?" niliuliza.

"Sijui, mwanangu."

Mtu mmoja aliingia na fomu yake, akaona nyuso zetu, akatoka. Nilishika ukingo wa meza hadi vidole vikafa ganzi. Niliwaza kwamba baba atakufa akitazama mkono wa shangazi, na shangazi ataishi miaka yake yote akiutazama mkono huo.

Simu ikalia. Mama wa vibali aliinyakua, akasikiliza. "Umbali gani?" akauliza. Kisha akafumba macho. "Ahsante. Ahsante sana."

Akaweka simu. "Limesimama. Hatua thelathini kabla ya daraja. Pikapu ilikuwa imeshapita. Askari amekimbia katikati ya barabara akipunga kofia."

Nililia kwa sauti, kama mtoto mchanga. Yeye hakunibembeleza. Alichukua jalada letu, akatoa nakala ya kibali, akaandika juu yake kwa wino mwekundu kwamba kimefutwa.

Baba alirudi kesho yake jioni. Ilibidi tela lirudishwe kinyumenyume hadi mahali pa kugeuzia, barabara ikifungwa kwa ajili yake. Ofisi ilimzuia kuomba kibali chochote kwa miezi miwili, na kiwanda kikampa dereva mwingine matangi yaliyobaki. Nilimsimulia kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni. Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Alisema, "Nimesikia," akaenda kukaa juu ya ndoo karibu na tela.

Miezi miwili ile ilikuwa mirefu. Asubuhi baba hakuwa na sababu ya kugonga matairi. Mama aliacha kutania. Shangazi alikuja mara chache, na akija alinijulia hali kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi. Niliacha netiboli bila kuambiwa na mtu. Pale uwanjani hakuna aliyeniita Karani, hata Cheche, na niliona wana haki.

Jumapili ya mwisho ya zuio baba aliniamsha. "Vaa viatu," alisema.

Shangazi alitupeleka kwa pikapu hadi kwenye lile daraja. Mimi na baba tulipanda juu, tukasimama katikati, kwenye ukingo. Watu walikuwa wengi. Msichana mdogo aliyeshika viatu mkononi alikuwa ameegemea vyuma, akiyapungia magari yaliyopita chini. Kwa mbali nilimwona shangazi akiupandisha mti wake.

"Ameuweka nne na tisini," baba alisema. "Sikiliza."

Pikapu ilikuja taratibu, ikapita chini ya miguu yetu. Sikusikia kitu.

Shangazi akazunguka, akauongeza mti. "Sasa ameuweka pale ulipotakiwa kuwa siku ile. Tano na ishirini." Pikapu ikaja tena, taratibu vile vile. Kengele ikagonga zege chini yetu, ikalia kwa nguvu, na msichana yule akaruka nyuma, akacheka. Mimi machozi yalinitoka.

"Mlio huo ndio uliotunyima wewe siku ile," baba alisema. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka. "Mwanangu, tazama watu hawa. Hawakujui, wala hawamjui mama wa vibali. Wanapita hapa kwa sababu wanaamini kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichopo barabarani. Kushindwa kupima siku ya mvua si neno. Ungeniambia hukupima, ningepanda mimi. Shida ilikuja uliposema umepima. Tangu hapo shangazi yako aliongoza kwa uongo bila kujua, na mimi nikamfuata bila kujua."

"Nisamehe, baba."

"Nilishakusamehe zamani. Ulikimbia ofisini ukasema ukweli, na ndiyo maana nimesimama hapa na wewe. Ila nilitaka usikie kwa masikio yako."

Wiki iliyofuata tulipata mzigo mpya, mashine ya kusagia mawe. Asubuhi niliamshwa na mlio wa rungu kwenye matairi, na mama dirishani akisema, "Mke wake kapona huyo." Alasiri baba alinipa utepe wa kupimia. Wingu zito lilikuwa limetanda na matone yalikuwa yameanza kudondoka. Nilipanda hadi juu kabisa, nikasoma namba, nikashuka nikaiandika.

"Karani!" shangazi aliita kutoka kwenye pikapu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili. "Umemaliza?"

"Bado, shangazi," nikajibu, nikaishika ngazi nikapanda tena.